Gathogo, Karatasi ya Kampuni na Mlima wa Timboroa

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, karibu, na pole kwa vumbi la yadi. Mchungaji wetu wa Kimumu, pamoja na wazee wa kanisa mlioketi safu ya mbele kama kawaida yenu. Bwana Meneja wa kampuni inayotuuzia lori, ambaye kampuni yake sitaitaja, kwa sababu jina limeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya lori saba zilizoegeshwa hapa nyuma yangu. Wanachama wenzangu, wenye lori. Madereva wa leo na wa zamani, mafundi, watu wa vipuri, watu wa pampu, mama wa chai wa langoni. Tabby, mke wa mwenye siku, na Wangari binti yenu. Na wewe mwenyewe, Mzee Antony Gathogo, uliyepewa kiti cha kitambaa cheupe na bado unakikalia kwa ukingo, kama mtu aliyeambiwa lori inapakiwa na ataitwa sasa hivi. Nawasalimu nyote, wa cheo na wasio na cheo. Kama nimemruka mtu anisamehe, na asubiri nyama, iko ya kutosha.

Mimi ni Jepchumba, mwenyekiti wa Chama cha Wenye Lori wa Sosiani. Nimepewa dakika kumi na katibu wetu Joy, ambaye ameketi pale na ameweka kengele kwenye simu. Joy, zima hiyo kengele.

Tumekuja kumuaga dereva. Nani kati yenu amewahi kuona wenye lori wa Eldoret wakimchinjia dereva mbuzi? Sisi dereva tunamuaga kwa kumnyang'anya funguo, na kama tumeamka vizuri tunamwambia Mungu akubariki. Lakini Mzee Gathogo ameendesha lori miaka thelathini na mmoja, na tisa kati ya hiyo aliendesha zangu, na huyu mnayemwona anazungumza hapa kwa sauti tamu ndiye aliyemfukuza kazi. Nilimfukuza nikisema ananyonya mafuta. Kwa wageni ambao hawako kwenye biashara yetu, kunyonya mafuta ni kuingiza mpira kwenye tenki, kutoa dizeli ya mwenye gari kidogo kidogo, na kuiuza barabarani. Hakuna neno baya zaidi la kumwambia dereva. Sasa anastaafu, anaenda kulima kabichi zake, na hilo neno bado linamfuata mpaka kanisani. Kazi yangu leo, kabla hajapakiliwa lile tangi la maji tulilomnunulia, ni kuliondoa hilo neno. Nikishindwa, basi hii sherehe yote itakuwa ni nyama tu.

Nianzie kwa karatasi. Miaka mitano iliyopita nilinunua lori mpya. Mpya kabisa, viti bado viko kwenye nailoni. Mnakumbuka, kwa sababu niliipitisha mbele ya nyumba zenu, hata wale ambao nyumba zao haziko njiani. Muuzaji alinipa chai, akanipa kalamu, akanipa karatasi. Ilikuwa karatasi nzito, inayong'aa, yenye picha ya lori ikipita kando ya ziwa la buluu ambalo haliko Kenya. Na katikati, kwa wino mwekundu, iliandikwa kwamba hii lori inaenda kilomita tatu na nusu kwa lita moja ya dizeli.

Ndugu zangu, lori yangu ya zamani ilikuwa inaenda mbili, na siku ikiamka vibaya, moja na nusu. Tatu na nusu? Nilitia sahihi kabla chai haijapoa. Nikarudi nyumbani, nikaiweka karatasi ndani ya plastiki, nikaibandika ukutani ofisini, mahali wengine wanaweka kalenda au picha ya harusi. Mume wangu aliuliza picha ya harusi imeenda wapi. Nikawaita madereva wangu watatu, nikawaonyesha kwa kidole, nikawaambia hiyo ndiyo sheria ya hapa.

Sasa Mheshimiwa labda hujui jinsi tunavyopima mafuta hapa kwetu. Kila mwenye lori ana kijiti chake. Changu ni cha msaipresi, nimekichonga mwenyewe kwa kisu cha jikoni, kila alama ni lita ishirini. Dereva akitoka asubuhi unatumbukiza kijiti kwenye tenki, unasoma. Akirudi unatumbukiza tena. Kuna wanachama hapa, na sitawataja ingawa wameanza kuangalia viatu vyao, ambao dereva akiingia langoni baada ya siku mbili barabarani wanashika kijiti kwanza na mkono wake baadaye. Mimi nilikuwa mkubwa wao.

Safari ya kwanza ya lori mpya nilimpa Gathogo, kwa sababu ndiye niliyemwamini kuliko wote. Tani ishirini na nane za mahindi kwenda Nakuru, kurudi na mbolea. Akarudi, nikatumbukiza kijiti, nikapiga hesabu: mbili na kidogo. Kulingana na ile karatasi, lita hamsini hivi hazikuwepo. Mitungi miwili na nusu, safari moja tu. Nikamuuliza. Akanijibu kwa upole, akiwa bado ameshika chupa yake ya chai, kwamba lori ni nzuri lakini gia zake ni za Mombasa.

Mimi nilicheka. Nilimwambia, Mzee, gia ni gia, hazina kwao. Akajaribu kunieleza juu ya difu, na kwa sababu leo naielewa, wacha niwaeleze nyinyi kwa dakika moja, na wanawake wenzangu msisinzie, hii inahusu pesa za shule. Difu ni lile bonge la chuma kati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna gia zinazoamua injini izunguke mara ngapi ndipo tairi lizunguke mara moja. Difu ikiwa ya barabara tambarare, lori inakimbia na injini imetulia, inakunywa kidogo, kila mtu ana furaha. Peleka hiyo hiyo Timboroa ikiwa na mzigo. Gia moja inakuwa ndefu sana, injini inakufa. Unashuka gia, hiyo nayo ni fupi sana, injini inapiga kelele na kumwaga mafuta. Hakuna gia ya katikati. Unapanda mlima wote ukitafuta kitu ambacho kiwanda hakikuweka.

Hayo ndiyo aliyokuwa ananiambia. Na mimi nilikuwa nasikia nini? Nilikuwa nasikia mtu anatafuta kisingizio. Kwa sababu karatasi ilikuwa ukutani, na karatasi haina mpira wa kunyonya mafuta.

Ilienda hivyo miezi minne. Kila safari mbili na kidogo, mbili na kidogo, kama saa. Hapo ndipo ningepaswa kufikiri. Mwizi hana kipimo hivyo. Mwizi siku moja ana karo ya mtoto anachukua mitungi mitatu, siku nyingine anaogopa anachukua mmoja. Lakini nilikuwa na hasira, na nilikuwa na kijiti. Asubuhi moja, yadi hii hii, madereva wengine wakiwa wamesimama wanakunywa chai, nilikitoa kijiti kwenye tenki nikakiinua juu kila mtu akione. Nikamuuliza mafuta yangu yako wapi. Akasema, mlima umeyanywa, Mama. Watu wakacheka. Nikamwambia mwizi alete funguo.

Hakubishana. Alinipa funguo. Halafu, na hili sijawahi kulisema kwa mtu, alirudi kwenye kabini akachukua chupa yake ya chai, akachukua kitambaa, akafuta kioo cha mbele chote, kwa sababu alijua lori inatoka asubuhi ile na mtu mwingine na barabara ilikuwa na ukungu. Akakunja kitambaa, akakiweka, akaondoka kwa miguu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kijiti changu. Nilidhani nimeshinda.

Mzee Muchiri, mwanachama mwenzetu, alimchukua wiki hiyo hiyo. Muchiri, simama watu wakuone. Watu walimwambia angalia sana, huyo mtu ananyonya. Nataka niwaambie kwa nini Muchiri hakumshuku: ni kwa sababu alikuwa amekalia miwani yake ikavunjika, na hakuwahi kusoma karatasi ya kampuni. Hiyo ndiyo hekima yote. Akapata dereva bora wa barabara hii kwa sababu ya miwani. Keti, Mzee.

Lakini mji ni mdogo. Neno lilitoka yadini likafika pampu, likafika kwenye vipuri, likafika Kimumu. Na kuna watu waliongeza mengine, juu ya mtu anatoka wapi na ni wa kabila gani, na hapa Eldoret tunajua maneno hayo yanaweza kutufikisha wapi. Hayo sikuyasema mimi, lakini niliyasikia, na sikuyanyamazisha. Mzee Gathogo alikuwa amebeba kikapu cha sadaka upande wa kushoto wa kanisa letu kwa miaka kumi na minne. Kikao cha wazee wa kanisa kiliketi, ikaonekana kwamba ni vizuri apumzike kidogo. Ndivyo tulivyosema: apumzike. Mimi nilikuwa kwenye kikao hicho. Niliangalia mikono yangu. Jumapili iliyofuata kikapu kilipita na mtu mwingine, na Gathogo alikuwa kwenye benchi la nyuma, amevaa koti lake lile lile, akaweka sadaka yake kama sisi wengine. Bado anaketi hapo mpaka leo.

Turudi kwa lori. Nilimpa Kibet, mtoto wa dada yangu, damu yangu mwenyewe. Nikanunua kufuli ya tenki, ufunguo nikaufunga shingoni pamoja na rozari ya mama mkwe. Kibet akarudi. Nikafungua kufuli, nikatumbukiza kijiti. Mbili kasoro. Chini ya Gathogo. Nikamfokea Kibet mpaka dada yangu akaacha kunisalimia kwa mwezi mzima. Nikabadilisha kufuli. Safari iliyofuata, mbili kasoro. Basi nikaamua kuingia ndani ya lori mimi mwenyewe, na sweta mbili na chakula cha siku mbili, kumlinda huyo mwizi kwa macho yangu.

Wapendwa, tulitoka hapa vizuri. Mpaka Cheptiret nilikuwa nafurahia viti. Baada ya hapo mlima ukaanza, na nikasikia kwa masikio yangu. Kibet anashuka gia, injini inapiga kelele. Anapandisha gia, injini inataka kuzimika. Juu, chini, juu, chini, na mshale wa mafuta unashuka mbele yangu na kufuli iko mahali pake na hakuna mtu aliyegusa kitu. Karibu na Timboroa tulikuwa tunaenda polepole kiasi kwamba mama mmoja wa karoti alitembea kando ya mlango wangu, tukapatana bei, akachagua, akafunga, akanipitishia dirishani, na lori haijasimama. Tena akaniuliza kama tunaenda mbali.

Nilizipakata hizo karoti mpaka Nakuru, macho kwenye mshale wa mafuta. Kibet alidhani ninaumwa.

Niliporudi nikapigia kampuni simu. Wale wenye lori hapa mnajua simu hiyo. Unapokelewa na muziki, halafu unapokelewa na binti mwenye sauti nzuri, halafu unapewa mtu wa kiufundi. Yule wa kiufundi aliniuliza swali moja tu: Mama, una uhakika na dereva wako? Mimi, niliyefukuza mtu kwa sababu ya karatasi yao, naulizwa kama nina uhakika na dereva. Nikaandika barua. Nikajibiwa kwamba matumizi ya mafuta hutegemea mazingira ya uendeshaji. Nikaandika nyingine nikauliza, mazingira gani, kwa sababu sisi mazingira yetu hayajahama, mlima ulikuwepo mkituuzia. Hiyo haikujibiwa.

Ndipo nikaleta jambo kwenye chama. Niliuliza nani ana lori kama yangu. Mikono tisa, pamoja na wangu. Nikauliza nani anapata tatu na nusu. Mikono yote ikashuka, na Mzee mmoja akajifanya anajikuna. Tulikuwa tumenyamaza kila mtu peke yake, kila mtu akidhani ameibiwa na dereva wake, na anaona haya kusema. Kwa hasira tuliyokuwa nayo siku hiyo, kampuni ilikuwa na bahati kwamba iko Nairobi. Tukapiga kelele mwaka mzima, mpaka wakatutumia injinia.

Injinia ni Byron, yuko pale karibu na sufuria, na siku hizi hayuko na kampuni tena, ana gereji yake hapa mjini, kwa hivyo naweza kumtaja bila kumharibia. Byron alikuja na kompyuta, nyaya, na viatu visivyofaa matope. Aliendesha mwenyewe, kwa mzigo wetu, barabara yetu, akifuata kitabu cha kiwanda gia kwa gia, na watu wanne wa chama wakiwa wamejibana kwenye kabini kuhakikisha. Kompyuta ikasema mbili kamili. Si tatu na nusu. Mbili.

Tuliposhuka Timboroa kunywa chai, mvua inanyesha, Byron amefunika kompyuta kwa koti lake, nikamuuliza kwa upole wa mama, mwanangu, ile tatu na nusu ilitoka wapi. Alivuta koti lifunike kompyuta vizuri. Halafu akatueleza kwamba ilipimwa nje ya nchi, kwenye barabara iliyonyooka, na nusu ya mzigo, kwa mwendo mmoja, siku isiyo na upepo. Na difu waliyotuletea ilikuwa ya barabara hiyo. Akasema karatasi haikudanganya, ila haikusema ilikuwa wapi. Nilimwambia, mtoto wangu, huko kwetu mtu akikuambia ng'ombe ana maziwa lita ishirini na asikuambie ni kwa wiki, tunajua jina la mtu huyo.

Bwana Meneja, usiache kula. Nataka nikusifu mbele ya watu, na ninakusifu kwa moyo, kwa sababu umekuja. Wale waliokutangulia walikuwa wanatumiwa mwaliko wanapata mafua. Wewe umekuja, umeketi na sisi, na mwaka jana umeanza kutuletea lori zenye difu ya mlima kwa mtu anayejua kuuliza. Hata karatasi mmebadilisha. Niliisoma. Pale chini kabisa, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, mmeandika kwamba milimani matumizi yanaweza kuwa tofauti. Nilihitaji miwani yangu na ya mume wangu, moja juu ya nyingine. Ninachokuomba ni kidogo: chukua hayo maandishi ya chini uyapeleke juu kwenye wino mwekundu, na ile tatu na nusu uishushe kwa sisimizi. Andika, Eldoret kwenda Nakuru, imejaa, mbili. Tutanunua tu. Sisi hatuogopi mbili, tumeishi nayo. Tunachochoka nacho ni kununua moja tukiambiwa ni nyingine. Na naomba muuzaji wenu akimpa mtu chai, amuulize kwanza: Mama, lori yako itapanda wapi? Ni swali gumu hilo? Mtu wa viatu huuliza ukubwa wa mguu.

Wanachama mnapiga makofi. Pigeni, lakini msiyamalize, kwa sababu sasa nakuja kwenu.

Tulipopata majibu ya Byron tulifanya nini? Tuliandika barua tatu. Tulienda redioni. Tulikasirika kwa sauti, tukasema kampuni haina ukweli, tukasema tumedharauliwa, tukasema mtu akiandika kitu asimame nacho. Na hakuna hata mmoja wetu, katika vikao vyote hivyo, ninayo kumbukumbu ya kila kikao, aliyeuliza: na wale madereva? Sisi tisa, kwa sababu ya aina hiyo moja ya lori, tulikuwa tumefukuza madereva kumi na wanne. Kumi na wanne, na hatukumwandikia hata mmoja mstari. Tulitaka kampuni iseme ukweli kwetu, haraka, kwa maandishi, na sisi tulikuwa tumekalia ukweli wetu vizuri kabisa.

Na mimi nilikuwa na sababu ya ziada ya kunyamaza. Nilirudi kwenye hesabu zangu za zamani. Kibet, mbili kasoro. Byron, aliyesomea hiyo kazi, na kompyuta, mbili kamili. Gathogo, miezi minne mfululizo, mbili na kidogo. Hakuna mtu, mpaka leo, aliyewahi kuiendesha lori hiyo kwa mafuta machache kuliko yeye. Byron alinieleza alivyokuwa akifanya, baada ya kupanda naye kwenye lori ya Muchiri kujifunza. Gathogo anashuka gia mapema, kabla injini haijaanza kulalamika, anashikilia hapo hapo bila haraka mpaka juu. Akiteremka haachilii gia hata mara moja, anaondoa tu mguu, na injini hainywi kitu. Kwa hivyo yule niliyemwita mwizi wa mafuta yangu ndiye pekee aliyekuwa akiniwekea mafuta. Kila safari. Na mimi nimesimama langoni na kijiti.

Niliona aibu. Sina neno jingine. Aibu mpaka nilikuwa nazunguka njia nyingine kwenda sokoni nisikutane na Tabby.

Mwishowe nilienda kwao Kimumu, Jumamosi moja alasiri, miaka miwili iliyopita. Nilibeba sukari, unga na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Tabby alinikaribisha, akaniwekea chai, na hakuketi. Alisimama mlangoni na kitambaa cha sahani mkononi muda wote nikiongea. Nilisema kila kitu, karatasi, difu, Kibet, Byron. Nikasema, Mzee, sasa najua hukuiba, nisamehe. Nikamaliza, nikangoja aseme yameisha, ninywe chai yangu kwa amani niende. Mzee alikoroga chai yake ambayo ilikuwa imeshakorogwa. Halafu akaniambia, na nitayasema kama alivyoyasema yeye:

"Mama, asante kwa kuja. Lakini mimi nilijua sikuiba. Tabby alijua. Umekuja kumwambia nani ambaye hakujua?"

Nilimaliza chai nikaenda. Na kwa miaka miwili sijakuwa na jibu, kwa sababu jibu lilihitaji moyo mkubwa kuliko niliokuwa nao.

Basi Muchiri aliposema Gathogo anastaafu na tumfanyie kitu, Joy alinipa mimi kazi ya kuandika majina ya waalikwa. Wacha niwaambie jinsi nilivyoyaandika. Niliketi mezani na kalamu nikajiuliza: Jepchumba, ulimwambia nani kwamba Gathogo ni mwizi?

Madereva sita waliokuwa yadini asubuhi ile: mko hapo chini ya hema, nyote sita, na Kiplimo umetoka Malaba kwa sababu nilikupigia simu mara nne. Mama wa chai, nilikuambia siku hiyo hiyo, na ukaniongezea mandazi kwa kunionea huruma. Kevin wa pampu, nilikuambia usimwekee huyo mtu mafuta kwa jina langu tena. Cate wa vipuri, nilikuambia kwa simu, na tuliongea muda mrefu. Mheshimiwa, wewe nilikuambia kwenye harusi, ukatikisa kichwa, ukasema madereva wote ni hao hao. Wazee wa kanisa, nyinyi sikuwaambia kwa mdomo, lakini nilikuwepo mkiamua, na nilikuwa najua mmelipata wapi hilo neno. Bwana Meneja, kampuni yako iliponiuliza juu ya dereva, niliiandikia kwenye barua yangu ya kwanza kwamba dereva mwizi nimeshamwondoa, na barua hiyo iko kwenye faili zenu na sahihi yangu.

Ndiyo maana mko hapa. Najua wengi mlidhani ni mbuzi.

Basi msikie kutoka kwa yule yule. Antony Gathogo hakunyonya mafuta yangu. Hata lita moja, hata siku moja, katika miaka tisa. Lori ilikuwa na gia zisizofaa mlima wetu, karatasi haikusema ukweli wote, na mimi niliamini karatasi kuliko mtu niliyemjua. Nilimwita mwizi mbele ya watu na nilikosea. Mzee Gathogo, mbele ya watu hao hao, naomba unisamehe. Tabby, naomba na wewe. Wangari, nilimchafua baba yako na hakuwa na kosa. Hamna haja ya kunijibu leo.

Mchungaji, juu ya kikapu cha upande wa kushoto sitasema kitu. Wazee wako wote wako hapa na wamesikia.

Kuna watu wawili watatu sikuwapata, wengine wamehama, mmoja namba yake haipatikani. Mkikutana nao waambieni mlivyosikia.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Mara ya kwanza niliwaambia neno moja tu, bila ushahidi, na mkaniamini papo hapo. Leo nimeongea karibu nusu saa. Nawaomba mniamini na leo.